Bweni au Huria? Tulisahau Kumuuliza Mwenyewe

Jumapili moja mwezi wa kumi nilikuwa kimbwetani na wenzangu tukihangaika na kazi ya kikundi ya upimaji na tathmini. Simu ikaita. Baba. Baba yangu si mtu wa kupiga simu hovyo. Akipiga mchana wa Jumapili ujue kuna jambo. Nikasogea pembeni, chini ya mwembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Uko darasani?"

"Hapana baba, niko nje tu na wenzangu."

"Basi nisikilize. Mdogo wako amepata chuo huko huko Dar. Lakini mkopo, awamu ya kwanza imetoka na jina lake halimo. Mjomba wako anasema asome hiki cha Huria, abaki hapa hapa dukani. Mimi nina kile kiwanja cha barabarani, na mteja yupo. Wewe ndiye uko huko chuoni, unajua mambo yake. Niuze au nisiuze?"

Nilijibu ndani ya dakika moja. Nilimwambia baba auze. Nilimwambia Huria ni kwa watu wazima wenye kazi zao, kijana wa miaka ishirini anatakiwa akae chuo chenye madarasa, apate elimu ya kweli. Baba akasema, "Sawa mama, nimekuelewa." Nikarudi kimbwetani nikawasimulia wenzangu, na mmoja akadakia, "Huria? Si ndiyo wale wanasoma mpaka wanastaafu!" Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Usiku sikulala vizuri. Kile kiwanja baba alikinunua kwa alizeti ya misimu mitatu, tangu niko darasa la tano. Mimi nilikuwa nimekiuza kwa sentensi nne, kwa hoja ambayo sikuwahi kuipima hata mara moja. Na mimi ni mwanafunzi wa Elimu, mwaka wa tatu. Kama kuna mtu alipaswa kufikiri kabla ya kusema "elimu ya kweli", ni mimi.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu hapa ndio "wasomi" wa kwanza wa nyumba zetu. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu zinaanza kuita: dada, huku kukoje? Kaka, tumpeleke wapi? Tunajibu kwa haraka na kwa majivuno, na watu wanauza ng'ombe na viwanja kwa majibu yetu.

Tunachokidharau tunakijua?

Tuanze na ukweli mdogo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania si kituo cha jioni cha mtu binafsi. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Makao yake makuu yako Kinondoni, kina vituo mikoani, na shahada yake inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu kama inavyotambuliwa hii tunayoihangaikia mimi na wewe. Ukienda kuomba kazi hakuna dirisha la "shahada za bweni" na dirisha la "shahada za nyumbani".

Wala kusoma kwa mbali si jambo lililoletwa na intaneti. Sisi wa Historia tunalisoma Azimio la Musoma la mwaka 1974 kwa ajili ya mtihani, kisha tunalisahau. Azimio lile lilitaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Walimu wangetoka wapi? Vyuo vya ualimu visingetosha hata kidogo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka vijijini kufundisha huku wenyewe wakisoma ualimu kwa njia ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowafuata huko huko waliko. Maelfu kwa maelfu ya walimu walipatikana hivyo. Walioifundisha kusoma na kuandika sehemu kubwa ya kizazi cha wazazi wetu ni hao.

Sitaki kupaka rangi. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, na mpaka leo ukitaka kumtukana mwalimu mzee unamwita "mwalimu wa UPE". Nadhani dharau yetu kwa Huria ina mzizi huko: tunaamini aliyesoma nje ya kuta za chuo amesoma nusu. Lakini azimio hilo hilo lilisema pia kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, kwanza akafanye kazi. Maana yake kulikuwa na wakati nchi hii iliona mtu anayefanya kazi ndiye mwanafunzi anayefaa zaidi kwa chuo kikuu. Leo tunamcheka.

Na kama tunataka mfano wa mbali, Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kwa masomo ya mbali, akiwa bado mfungwa. Hakuna aliyemuuliza bweni lake lilikuwa namba ngapi.

Mwalimu niliyemkuta mazoezini

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari ya kata. Mwalimu aliyenipokea na kunikabidhi vipindi vyake vya Historia alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti. Nilidhani ni mwenye stashahada. Siku ya tatu aliniambia shahada aliipata Huria, akiwa anafundisha hapo hapo. Ilimchukua miaka saba.

Miaka saba! Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu, nadhani ulisema.

Akanieleza. Alikuwa anarudi nyumbani, anapika, anasahihisha madaftari, watoto wakilala anawasha taa anasoma saa tatu mpaka saa tano usiku. Umeme ukikatika, taa ya chemli. Mitihani anapanda basi mpaka kituo cha mkoa, analala gesti kwa hela yake. Mwaka mmoja alisimama kabisa kwa sababu alikuwa anamuuguza mama yake. "Wenzangu waliokwenda masomoni kwa ruhusa walikwenda wakarudi, mimi bado niko na moduli," aliniambia, akicheka.

Lakini niliona kitu ambacho sijakisahau. Wiki ya kwanza niliingia kidato cha pili na andalio la somo safi, lenye malengo mahususi, hatua zote tano, muda umegawanywa kwa dakika. Darasa lilikuwa na wanafunzi tisini na kitu. Mpango wangu wa "majadiliano ya vikundi vya watu watano watano" ulikufa dakika ya nane. Nilibaki naandika ubaoni mpaka kengele inagonga, jasho linanitoka.

Mama yule hakunicheka. Aliniuliza, "Umesoma kuhusu madarasa makubwa?" Nikasema nimesoma, nilipata alama nzuri tu. Akasema: "Mimi nilipofika mada hiyo, nilisoma usiku, kesho yake asubuhi nikaijaribu. Ikakataa. Nikarudi kusoma tena kwa nini imekataa." Kisha akanionyesha anavyofanya: anawapanga kwa madawati, dawati moja kikundi kimoja, hakuna anayehama, swali moja fupi, dakika tatu, anachagua madawati manne tu ya kujibu. Kitu kidogo. Kwenye slaidi zangu hakipo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile miaka saba haikuwa miaka mitatu iliyocheleweshwa. Kila alichosoma kilipita darasani kabla ya kupita kwenye chumba cha mtihani. Mimi nilisoma nadharia miaka miwili ndipo nikakutana na watoto. Yeye alikuwa na watoto tangu ukurasa wa kwanza.

Na sisi huku je?

Sasa tujitazame, bila kuoneana haya.

Pindi la saa moja asubuhi, ukumbi umejaa watu mia kadhaa. Walioko nyuma hawasikii. Wengine wamesaini na kuondoka, wengine wamesainiwa. Jioni CR anatupia slaidi kwenye kundi la WhatsApp. Tunasubiri wiki mbili kabla ya UE, tunakusanya desa za waliotutangulia, tunapiga msuli usiku na mchana, tunaingia, tunatoka, tunasahau. Ukikamatwa una sapu, ukizidiwa unadisko. Kuna wenzetu, na kuna semesta nimekuwa mmoja wao, ambao hawajawahi kuongea na mhadhiri hata mmoja ana kwa ana.

Jiulize: huyo ni mwanafunzi wa bweni au wa huria? Anasoma peke yake, kwa slaidi, kwa simu. Tofauti ni kwamba analipia kitanda, au anabebwa na rafiki kitanda kimoja watu wawili, au amepanga geto na nauli ya daladala inamla kila siku. Bumu ni shilingi 10,000 kwa siku kwa aliyebahatika kulipata lote, na sote tunajua wiki ya mwisho inavyokuwa. Tunasoma huria kwa bei ya bweni, halafu tunawacheka walioamua kusoma huria kwa bei ya huria.

Nisieleweke vibaya. Sisemi bweni ni hasara. Nikiondoa hasira, naweza kutaja nilichokipata hapa ambacho nisingekipata Iramba. Mwaka wa kwanza nilipangwa chumba kimoja na binti wa Pemba. Nilikuwa naona ushairi kama adhabu. Nilikuwa nahesabu mizani kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Yeye amekulia nyumba ambayo mashairi yanasomwa kwa kuimbwa. Usiku mmoja aliniimbia utenzi mzima huku anakunja nguo, na mimi nikasikia vina vinavyogongana bila kuvihesabu. Leo nafundisha ushairi kwa njia hiyo hiyo: naimba kwanza, tunahesabu baadaye. Hakuna moduli ingenipa usiku ule.

Kuna na mhadhiri mmoja niliyemfuata ofisini kulalamikia alama zangu, nikatoka na kitabu cha kuazima na swali ambalo nimekuwa nalo mpaka sasa. Kuna mijadala ya kimbwetani inayoanza na kozi na kuishia kwenye siasa, ndoa na Simba na Yanga. Kuna uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, ambako nilijifunza kusimama mbele ya watu wanaonizomea.

Kwa hiyo kama bweni lina thamani, iko kwa watu waliomo, na masaa ya kukaa nao. Mihadhara peke yake isingetosha. Anayekuja hapa asiwatumie watu hao atakuwa ameuza kiwanja cha baba yake akanunua slaidi.

Mtihani wangu wa mwaka 2020

Kuna kitu kingine nilipaswa kumwambia baba. Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha nne. Shule zikafungwa mwezi wa tatu kwa ajili ya korona, tukarudi nyumbani mpaka mwishoni mwa mwezi wa sita. Miezi mitatu na zaidi. Walimu walituma maswali kwenye simu ya baba, redio ilikuwa na vipindi vya masomo, vitabu vilikuwepo. Muda ulikuwepo, Mungu anajua.

Nilifungua vitabu labda mara nne. Kila siku nilisema kesho. Shuleni nilikuwa naamka saa kumi usiku kujisomea, kila mtu ananisifu kwa bidii. Kumbe bidii ilikuwa ya kengele. Kengele ilipobaki bwenini, bidii nayo ilibaki huko.

Hili ndilo tatizo halisi la masomo ya mbali, na halihusiani kabisa na ubora wa shahada. Huria inakukabidhi siku nzima ikakuachia. Hakuna pindi, hakuna CR wa kukukumbusha tarehe ya jaribio, hakuna mwenzako wa chumba anayewasha taa kusoma ukaona aibu ukaamka. Shule zetu hazitufundishi kujiongoza; zinatufundisha kutii ratiba. Ndiyo maana wengi wanaojiandikisha kwa moyo wote wanaishia njiani. Akili wanazo, walichokosa ni mtu wa kuwagongea kengele.

Kwa msingi huo, nilijiambia usiku ule, jibu langu kwa baba bado lilikuwa sahihi. Kijana wa miaka ishirini aliyetoka bweni la shule moja kwa moja atajiongozaje? Auze tu kiwanja.

Ila nilikuwa nimejifikiria mimi. Nilikuwa nampa mdogo wangu dawa ya ugonjwa wangu.

Nilipompigia mwenyewe

Jumatatu jioni nilimpigia. Alipokea huku nasikia mteja anataja kiasi cha kutoa.

"Dada shikamoo. Subiri kidogo nimhudumie huyu."

Nilisubiri. Yeye anakaa kwenye duka la mjomba karibu na stendi: wakala wa pesa za simu, fotokopi, kuchapa barua, vifaa vya shule. Aliporudi nikamuuliza anaonaje habari za chuo. Akanyamaza. Kisha akasema kitu kilichonikaa kooni.

"Dada, wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza. Baba ameongea na mjomba, mjomba ameongea na mama, baba ameongea na wewe. Mimi naambiwa tu."

"Haya, mimi nakuuliza. Unataka nini?"

"Nataka kusoma biashara. Lakini dada, mimi duka hili ndiyo biashara. Toka nimalize mtihani mwezi wa tano nafungua saa kumi na mbili asubuhi, nafunga hesabu kila usiku, floti haijawahi kupungua hata siku moja. Mjomba ameanza kunipa asilimia. Nikiondoka miaka mitatu, nikirudi anakaa mtu mwingine hapa."

Nikamweleza habari za kengele. Nikamwambia mimi mwaka 2020 nilishindwa. Akacheka. "Lakini mimi nimekaa tangu mwezi wa tano bila kengele, dada."

Alikuwa kweli. Miezi mitano alikuwa anafanya mtihani ambao mimi nilifeli, na hakuna mtu nyumbani aliyeuona kuwa ni mtihani.

Nikamuuliza basi anaogopa nini. Akafikiri. "Naogopa kukosa wa kumuuliza. Nikikwama kwenye hesabu usiku, namuuliza nani? Mteja?"

Hilo ndilo swali ambalo mimi, mwanafunzi wa Elimu, nilipaswa kuanza nalo. Nilijadili jina la chuo, nikajadili kiwanja, nikajadili heshima. Yeye alijadili kujifunza.

Maswali ninayopendekeza

Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyojibu simu za nyumbani. Sitoi tena jibu. Natoa maswali, na nataka yajibiwe na mwenye kwenda kusoma.

La kwanza: unataka kusoma nini? Kuna fani ambazo hazina mjadala. Udaktari wa binadamu huwezi kuusoma kwa moduli sebuleni. Kozi inayotaka maabara kila wiki inataka mtu aliye karibu na maabara. Lakini biashara, sheria, lugha, uongozi na ualimu kwa aliye tayari kazini, hapo mlango uko wazi pande zote mbili.

La pili: ulipokuwa huna wa kukusimamia mara ya mwisho, ulifanya nini? Usijibu kwa matumaini. Jibu kwa miezi ile ya kusubiri matokeo. Kama uliipoteza yote kitandani na simu, jijue kama nilivyojijua mimi. Bweni litakusaidia.

La tatu: utamuuliza nani ukikwama? Kama huna hata mtu mmoja, usianze mpaka umpate. Nenda kituo cha mkoa, omba kujua wenzako wa kozi hiyo, tengenezeni kikundi. Watatu wanatosha.

La nne: saa zako za kusoma ni zipi, na nyumbani wamezikubali? Hili ni zito zaidi kwa dada zetu. Binti anayesoma akiwa nyumbani anaonekana "yupo tu". Atatumwa maji, atapika, atalea mtoto wa kaka yake, na kitabu kitasubiri mpaka kichoke. Kwa binti wa namna hiyo, bweni si anasa. Ndipo mahali pekee ambapo muda ni wake. Wazazi waambiwe hili waziwazi kabla hawajasema "wewe soma tu ukiwa hapa hapa".

La tano: uamuzi huu ukiharibika, unarudi nyuma? Mtu aliyeanza Huria na mambo yakamshinda bado anaweza kuomba bweni mwaka unaofuata. Kiwanja kilichouzwa hakirudi. Mahali ambapo hesabu nyingine zote zinalingana, chagua njia yenye mlango wa kurudia.

Na ongezeko moja: kuna vyuo vya mtandaoni vya nje vinavyotuma matangazo kwenye simu zetu, shahada kwa miezi michache, lipia hapa. Hivyo visichanganywe na Huria. Kabla ya kutuma hata shilingi, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu kama wanakitambua.

Kilichotokea

Nilimpigia baba Jumanne. Nilianza kwa kumwomba radhi, jambo ambalo si rahisi kwa msomi wa nyumba. Nilimwambia nilijibu haraka, na kwamba yupo mtu mmoja hatukumuuliza. Baba alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Kwa hiyo nisiuze."

"Baba, naomba mkae naye kwanza. Kisha uamue."

Wakakaa. Sikuwepo, nimesimuliwa na mama. Walikubaliana anajiandikisha Huria, duka linafungwa saa moja jioni siku tatu kwa wiki badala ya saa tatu usiku, na mjomba amekubali, kwa shingo upande. Kuna mwalimu wa hesabu wa sekondari ya pale ambaye atamsaidia. Mdogo wangu atamlipa kwa fotokopi za mitihani ya darasa lake. Kila Jumatano saa mbili usiku ananipigia anisomee alichojifunza wiki hiyo. Kiwanja kipo. Baba amesema kipo kwa ajili yake, siku akisema ameshindwa huko na anataka bweni.

Sijui kama tumechagua vizuri. Nitasema kweli, kuna siku namwonea huruma. Nikiwa kimbwetani tunacheka naona yeye yuko nyuma ya kaunta na kitabu cha uhasibu kilichofunikwa na daftari la miamala. Hatakuwa na rafiki wa Pemba. Hatapigia kura mtu kisha amzomee. Vitu hivyo amevikosa na sitamdanganya kwamba ni vidogo. Nikimwambia hivyo anasema, "Wewe vitumie basi, dada."

Jumatano iliyopita alinisomea habari za mtaji wa kuzungusha. Alianza kwa maneno ya moduli, kisha akaacha katikati. "Aaa, kumbe dada ni hii floti!" Akaanza kunieleza kwa hesabu za duka, siku ya mnada anaweka kiasi gani taslimu na kiasi gani kwenye simu, na kwa nini mwezi wa saba, watu wakiuza alizeti, mahesabu yote yanageuka. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikajikuta naandika.

Alhamisi asubuhi nilikwenda pindi la saa moja. Nilikaa mstari wa pili.